Nguo Isiyopindwa

Kijiji cha Mou, Shandong
Mwezi wa kumi, siku ya sita, mwaka wa kumi na sita wa Jamhuri

Mdogo wangu Tingrui,

Natumai barua hii inakukuta mzima, na kwamba baridi ya Harbin bado haijakung'oa masikio. Huku kwetu hatujambo. Mume wangu Wancheng anakusalimu. Mgongo wake umepona, na siku hizi anabeba kuni bila kulalamika, jambo ambalo sijaliona tangu anioe. Mama mkwe wangu naye yupo. Meno yamebaki machache lakini ulimi uko kamili. Peari za Baba zilizaa mwaka huu mpaka tukayawekea matawi nguzo. Punda wake amezeeka, anachagua njia anayoitaka yeye, na sisi tunamfuata.

Salamu zimekwisha, na sina tena pa kujificha. Baba amefariki. Aliondoka alfajiri, mwishoni mwa mwezi wa tisa, baada ya kunywa uji nusu bakuli na kuniambia nimeuunguza. Nilikuwa naye tangu mavuno. Nilimwosha, nikamvalisha, nikamtia ile kofia nyeusi aliyokuwa akivaa kufundishia watoto. Usijilaumu kwa kutokuwepo. Lia kwanza, halafu soma yanayofuata.

Siku ileile mtu alipaswa kwenda mlango kwa mlango kupiga magoti na kuwatangazia wazee msiba. Ni kazi ya mwana. Wewe hukuwepo, basi Baba Mdogo akamtuma mwanawe Tingbao. Hilo nilivumilia. Lakini jioni yake Baba Mdogo mwenyewe alikuja kukaa kitini kwa Baba, kiti chenyewe kile, akasema kwamba kwa kuwa kaka yake amekufa bila mwana karibu, Tingbao ndiye atakayebeba bendera ya roho na kuvunja chungu. Ndani ya chungu hicho ninamchomea Baba karatasi za wafu kila siku, kimejaa majivu ya karatasi hizo. Unajua mwenyewe sheria ya hapa kwetu. Anayekivunja chungu mbele ya jeneza ndiye mwana wa marehemu, na mwana ndiye mwenye nyumba, miti na kaburi.

Mwaka jana alimjia Baba na maneno hayohayo, kwamba amchukue Tingbao awe mwanawe. Baba alikuwa akichonga kalamu. Hakuinua hata kichwa. Akasema, "Nina watoto wawili, wananitosha." Baba Mdogo akaondoka anacheka, akimwona mzee amepotewa na hesabu.

Tingrui, hujaandika tangu mwaka juzi. Sikuulizi kwa nini. Njoo tu. Jeneza litakungoja.

Dada yako,
Chunzhi

*

Harbin
Mwezi wa kumi na moja, siku ya ishirini

Dada,

Pokea heshima zangu, na umfikishie shemeji salamu. Nafurahi kwamba mgongo wake umepona. Mimi mzima. Bado niko kwenye kinu cha mafuta ya soya, na siku hizi nasimamia wenzangu badala ya kusukuma jiwe. Mto umeganda, magari ya farasi yanapita juu yake. Chakula kipo.

Nililia. Nilitoka nje ya kinu nikalia nyuma ya magunia, kisha nikarudi kazini. Nakumbuka alivyotukalisha mezani, mimi upande huu na wewe upande ule, taa moja, wino mmoja, na majirani wakimcheka kwamba anampotezea msichana wino. Nilikuwa nakuibia majibu yako.

Siwezi kuja sasa. Kazi imebana, theluji ni nyingi, na njia ya reli si ya kutegemea. Labda majira ya kuchipua, labda siyo. Usinikasirikie. Na kuhusu chungu, kama hakuna namna nyingine mwachie Tingbao. Ni kijana mwema, hana ubaya na mtu.

Usiniulize zaidi ya hayo, Dada.

Mdogo wako,
Tingrui

*

Kijiji cha Mou
Mwezi wa kumi na mbili, siku ya ishirini na tatu

Tingrui,

Tuko salama. Mama mkwe aliteleza kwenye barafu akaangukia makalio, akailaani barafu mpaka nadhani iliyeyuka. Wancheng amemchinja nguruwe. Leo watu wanampaka mungu wa jiko asali mdomoni ili apeleke habari njema mbinguni. Kwetu hapa kwa Baba hakuna asali wala karatasi nyekundu mlangoni, na hakuna atakayeingia kwetu kwa salamu za mwaka mpya. Jeneza tumelijengea matofali uani. Baridi inalitunza vizuri.

Sasa tuseme. Umesema kazi imebana. Mtu aliyepanda kuwa msimamizi ndiye anayekosa ruhusa ya kumzika baba yake? Umesema theluji. Theluji ya huko inakuzuia wewe peke yako? Wenzako wanapita njia hiyohiyo kila mwaka kuja kula maandazi na mama zao. Halafu unaniambia nimwachie Tingbao, kama mtu anayegawa jembe kuukuu. Kimya kingi kina mshindo mkuu, mdogo wangu, na mimi nimeanza kuusikia.

Wiki hii shangazi zetu walikusanyika kushona nguo za msiba. Tingbao amekatiwa ile ya mwana, katani ngumu isiyopindwa, kingo zimeraruliwa tu na nyuzi zinaning'inia. Aliipima mbele yangu. Maskini, inamwasha shingoni, na alikuwa akiniangalia kama mtu aliyekamatwa na kuku wa jirani. Mimi nilipewa ya binti aliyeolewa. Imepindwa kingo zote kwa mshono mzuri, na ni ya kuvaa mwaka mmoja, si mitatu kama ya mwana. Nikauliza: aliyemgeuza Baba kitandani usiku alikuwa nani? Shangazi mkubwa akasema hilo si swali la nguo. Nikasema nguo ndiyo inayomwambia mpita njia nani alikuwa nani kwa marehemu, na hii inadanganya.

Nilirudi kwa mume wangu nimevimba. Nikamwambia mama mkwe nataka kumvalia baba yangu nguo isiyopindwa. Aliweka bakuli chini. "Ile isiyopindwa ni yangu mimi," akasema. "Wewe ni mkwe wa nyumba hii. Ukiivaa huko unaniombea kifo hapa." Amenuna tangu siku ile, na wali wake anaupika mwenyewe.

Kwa hiyo kule nimekuwa mgeni na huku nimekuwa mchawi. Nina mtu mmoja tu wa kunitoa hapo. Njoo uvae nguo yako, uvunje chungu chako, nami nitavaa iliyopindwa na kunyamaza kimya. Kama huji, niambie sababu. Sababu ya kweli.

Chunzhi

*

Kijiji cha Mou
Mwezi wa kwanza, siku ya kumi na mbili, mwaka wa kumi na saba

Tingrui,

Nakuandikia tena bila kungoja jibu lako. Sisi wazima, na leo sitakuambia habari za punda.

Mshona viatu Qu amerudi kutoka Harbin kwa mwaka mpya. Hakuingia ndani, kwa sababu ya msiba, alisimama kisimani akanipa pole. Halafu akasema, "Na yeye Tingrui maskini, misiba miwili katika mwaka mmoja." Nikamuuliza ni misiba ipi hiyo miwili. Akaona amekanyaga pasipokanyagwa, lakini mimi nilikuwa nimeishika ndoo yake.

Alikuona majira ya joto. Ulikuwa mbele ya jeneza kubwa, umeinama, una fimbo iliyozungushiwa karatasi nyeupe. Nguo yako ilikuwa katani isiyopindwa. Na chungu ulikivunja wewe, kwa pigo moja, na watu wakasema mwana wa Jia ana mkono.

Mama yetu alizikwa wewe hujaota meno. Baba wakati huo alikuwa hapa, akipogoa peari na kukuulizia kwa kila mpita njia. Sasa nijibu. Ulimvunjia nani chungu, Tingrui? Jia ni nani?

Chunzhi

*

Harbin
Mwezi wa pili, siku ya nane

Dada Chunzhi,

Mimi mzima. Nakutakia afya, na mama mkwe wako namtakia anyamaze.

Qu amesema kweli. Mzee Jia alikuwa mwenye kinu. Nilipofika huku nilianguka mlangoni kwake na vidole vya miguu vimekuwa vyeusi. Viwili vilikatwa, vilivyobaki aliviokoa yeye kwa kuvisugua kwa theluji na kunitukana. Hakuwa na mtoto wa kiume, alikuwa na binti. Akaniambia nimwoe na niingie ukoo wake. Nilipiga magoti mbele ya mashahidi, nikakubali jina la Jia, na kukubali kwamba watoto wangu watakuwa wa Jia na kwamba siku ya kufa kwake nitamvunjia chungu. Basi niliolewa, Dada. Cheka ukitaka. Nililetwa nyumbani kwa mke kama ulivyoletwa wewe kwa Wancheng, kasoro machela mekundu ya bibi harusi tu.

Nina binti. Anaitwa Yuelan. Ameanza kushika kalamu, na anaishika vibaya kama mimi.

Sikumwandikia Baba habari hiyo kwa sababu mwana wa pekee anayeingia nyumba nyingine ameliacha kaburi la babaye bila mtu wa kulitunza. Nilijua angeisoma barua hiyo kwa sauti yake ya darasani, polepole, mpaka mwisho, halafu aikunje. Sikuweza kumfanya afanye hivyo. Lakini sitaomba radhi kwa kuishi. Mzee Jia alinipa chakula na mke na jina, na nilimlilia kwa machozi yangu mwenyewe, si ya kukodi. Alistahili nguo ile.

Sasa unaelewa kwa nini siji. Nimeuliza wanaojua. Mtu aliyekwisha kumvunjia chungu baba mmoja hawezi kumvunjia mwingine, kwa sababu hawezi kuwa mrithi wa nyumba mbili. Nikitokea hapo Baba Mdogo atasimama mbele ya ukoo wote aulize jina langu. Nitajibu nini? Kwa Baba mimi sasa ninastahili katani iliyopindwa, mwaka mmoja, kama binti aliyeolewa. Mimi na wewe tunavaa nguo moja.

Baba alikuwa na watoto wawili, na wote wawili wakaolewa. Hapo hakuna mwana. Mwache Tingbao avunje.

Tingrui

*

Kijiji cha Mou
Mwezi wa tatu, siku ya nne

Mdogo wangu Tingrui,

Salamu kwako, na kwa mkeo ambaye sijui jina lake, na kwa Yuelan. Mwambie kalamu isimamishwe wima kama mtu mwenye haki, ndivyo babu yake alivyosema. Wancheng mzima. Peari zimechanua, uani kote kweupe. Barua yako niliisoma mara tatu. Mara ya kwanza nilikutukana, ya pili nikacheka, ya tatu nikalia kwa ajili ya vidole vyako.

Halafu nikafikiri. Umeandika kwamba hapo hakuna mwana. Mimi niliiona kwa upande mwingine. Kama mwana anaweza kuolewa akawa kama binti, basi vitu hivi havikushonwa mwilini mwa mtu. Vinavaliwa na kuvuliwa. Baba alisema ana watoto wawili wanaomtosha. Baba Mdogo alidhani mzee amekosea kuhesabu, na mimi pia, Tingrui, nilidhani alinihesabu mimi kwa huruma tu.

Tulimzika baada ya siku ya kusafisha makaburi. Matofali yalibomolewa asubuhi. Ukoo wote ulikuwepo, na wa nyumba ya mume wangu walikuja vilevile, mama mkwe mbele, amevaa nyeupe, uso umekunjwa. Wabebaji waliingiza miti chini ya jeneza. Tofali likawekwa njiani, na Tingbao akakabidhiwa chungu.

Nilikuwa kwenye safu ya wanawake, nyuma. Nikaushika upindo wa nguo yangu, nikaukata uzi kwa meno, nikavuta. Shangazi mkubwa anashona vizuri kweli. Ilinibidi nikae chini nivute kwa mikono miwili, na ule mraruko ulisikika mpaka getini. Nikazunguka kingo zote, mikono, shingo, mpaka nyuzi zikaning'inia. Kisha nikaenda mbele.

Baba Mdogo akanizuia kwa fimbo yake. "Binti aliyeolewa ni maji yaliyomwagwa," akasema, "na maji yaliyomwagwa hayazoleki. Rudi kwenye safu yako."

Nikamwambia, "Baba alipoomba maji, Baba Mdogo, alinyweshwa na haya haya yaliyomwagwa. Yako yalikuwa mtungini?"

Kuna waliocheka, na hilo lilimwuma kuliko neno lenyewe. Akageukia wanaume na kusema kwamba kama hakuna mume wa kunishika, kuna ukoo. Wawili wakasogea. Wancheng naye akasogea kunikinga, Wancheng yuleyule aliyekuwa akilalamikia kuni. Lakini aliyewahi kufika alikuwa mama mkwe. Nilidhani atanipiga. Nilikwisha kaza shingo.

Alisimama kati yangu na Baba Mdogo. Yeye mfupi, anamfika kifuani. "Nyinyi mmesema huyu si wa nyumba yenu," akasema. "Sawa. Basi ni wa nyumba yangu. Wa kumkemea ni mimi peke yangu, na mimi nimenyamaza."

Ilikuwa sheria yao wenyewe. Baba Mdogo aliutazama ukoo, na wazee wakawa wanatazama viatu vyao.

Nikamfikia Tingbao. Alikuwa amekikumbatia chungu. "Dada, ni kizito," akaninong'oneza, na akakiachia kabla sijakivuta. Akanikabidhi na fimbo ya msiba na bendera, akajikuna shingo, akaenda kusimama na wapwa. Usimchukie. Uliandika kwamba ni kijana mwema na ni kweli.

Nikakiinua juu ya kichwa. Nilimwita Baba kwa sauti, nikamwambia ashike njia kuu ya magharibi, waendako wafu, wala asiogope. Nikakipiga kwenye tofali. Kilivunjika kwa pigo moja. Majivu yakapanda yakatuingia sote machoni, mimi na Baba Mdogo na mama mkwe, kwa hiyo ukiambiwa kwamba Baba Mdogo alilia, ni majivu. Jeneza likainuka. Nikatangulia mbele yake na bendera mpaka kaburini, kwa mgongo ulioinama, na hakuna mtu aliyeniambia tena nirudi nyuma.

Sitakudanganya kwamba sikuitaka nyumba. Naitaka nyumba, na miti, na kaburi, na punda mkaidi. Baba Mdogo amewaita wazee, wanabishana mpaka leo. Nusu wanasema aliyevunja ndiye mwana, ndivyo tulivyofundishwa na babu zetu. Nusu wanasema babu hawakumkusudia mwanamke. Mimi naendelea kupogoa. Wanaotaka kunitoa waje na ngazi.

Siku tulipotoka kaburini, mama mkwe alitembea nami mpaka karibu na nyumbani. Halafu akasema, "Umemvalia yeye mpya. Mimi nikifa usije ukaniletea hiyohiyo iliyochakaa." Nimemwahidi katani mpya, kali ya kuwasha. Amerudi kula wali wangu.

Nguo ninayo bado mwilini, nyuzi zinaning'inia. Miaka mitatu, Tingrui, kama mwana. Nikienda sokoni watu wananipisha njia, wengine kwa heshima na wengine kwa kuogopa mkosi. Wote wanajua baba yangu amekufa, na wanajua mimi nilikuwa nani kwake.

Dada yako,
Chunzhi

*

Harbin
Mwezi wa nne, siku ya kumi na sita

Dada yangu Chunzhi,

Heshima zangu kwako, kwa shemeji Wancheng, na kwa mama mkwe wako ambaye naomba anisamehe kwa niliyomwombea. Mke wangu anaitwa Shuzhen na anakusalimu. Yuelan anasimamisha kalamu wima, na sasa anaandika kubaya zaidi kuliko mwanzo.

Barua yako niliwasomea hapa mezani kwa sauti. Mjane wa Mzee Jia alisikiliza mpaka mwisho. Kisha nikaenda kwenye sanduku nikaitoa ile katani niliyomvalia mumewe. Nikaivaa mbele yake. Akaniuliza nani amekufa. Nikamwambia, baba yangu, mwezi wa tisa, na nimekuwa nikimficha kama mwizi. Akasema katika nyumba hii nguo hiyo imekwisha kazi. Nikasema katika nyumba hii, ndiyo. Aligomba siku nzima. Nikaenda nayo kinuni, wafanyakazi wakanipa pole mmoja mmoja, na kila aliyeniuliza ni baba yupi nilimtajia jina lake lote, Mou na la pili na la tatu. Sikuwa nimelitamka kwa miaka tisa.

Jina la Jia nitabaki nalo. Niliapa, na mzee yule sitamvunjia kiapo akiwa kaburini. Lakini peari zikiisha kuvunwa nitapanda treni, theluji au si theluji, pamoja na Yuelan. Nataka aione meza ile, na aone upande uliokuwa ukikaa wewe.

Najua mtakavyofanya. Shangazi watatandika mkeka mbele ya kaburi, na wewe utainuka ukae kando, kwa mazoea, kwa kuwa mdogo wako wa kiume amefika. Usifanye hivyo, Dada. Mbele ni pako. Mimi nitapiga magoti nyuma yako. Usinipishe.

Mdogo wako,
Tingrui